Uzi wa wavuvi wa fimbo: Tabora hadi Kigoma na gari la kulala, fimbo zifike nzima

MshipiMrefu (mwanzisha uzi), Tabora

Wakuu, habari za muda huu.

Nafungua uzi huu kwa sababu swali hili huulizwa katikati ya mada nyingine, likajibiwa juujuu na kupotea. Mtu una gari la kulala, iwe Hiace uliyoitoa viti ukaweka kitanda, iwe Coaster, iwe Land Cruiser yenye tenti juu, na una fimbo zako za kuvulia. Utazibeba vipi zaidi ya kilomita 400 hadi Kigoma, ulale humohumo garini, upike, upakue na kupakia kila siku, na siku ya kushuka ziwani uzikute nzima?

Jambo hili nalichukulia kwa uzito. Fimbo nzuri ya kaboni huku kwetu huendi dukani ukaikuta. Unaagiza, au unaletewa na mtu anayetoka Dar, na kipande cha juu kikikatika ni shida kukipata peke yake. Ikivunjika ukiwa Urambo, safari imeisha kabla hujaliona ziwa. Utafika Kibirizi, ufukoni Kigoma, uwatazame wenzako wakipandisha migebuka.

Nianze na vitu vinavyoziua, maana ukivijua hivyo hata mbinu utabuni mwenyewe kulingana na gari lako.

Kaboni imetengenezwa ipinde kwa urefu wake wote, na kwa kupinda huko ina nguvu kweli. Kugongwa ubavuni au kubanwa mahali pamoja haiwezi kabisa. Dumu la maji likiilalia, kisanduku cha spana kikiidondokea, inapata ufa ambao kwa macho huuoni. Siku mbili baadaye umemnasa samaki mkubwa kama kuhe, mzigo umeingia, fimbo inakatika palepale penye ufa na watu wanasema kiwanda kibovu. Faibaglasi ni nzito na inalegalega zaidi mkononi, ila vipigo inastahimili. Anayeanza, tena mwenye gari lililojaa watoto na masufuria, namshauri aanze na faibaglasi bila kuona aibu.

Muuaji mkubwa kuliko wote ni mlango. Mlango wa nyuma wa Hiace ukishuka unashuka na uzito wake wote, na ncha ya fimbo ina unene wa njiti ya kiberiti. Mtu anatoa sufuria, anabamiza mlango, basi. Kwa hiyo mpango wowote utakaoufanya, jiulize kwanza ncha ziko wapi mlango unapofungwa.

Kuna joto. Gari lililofungwa vioo likaachwa juani saa nane mchana, ndani linavuka nyuzi 50 bila shida. Pete za fimbo, zile zinazopitisha mshipi wa kuvulia, zimefungwa kwa uzi na kupakwa gundi ya epoksi, na epoksi ikipata joto la namna hiyo inaanza kulainika. Fimbo iliyoegeshwa kwenye dashibodi, au iliyobaki imepinda kwa sababu umeibana kati ya kiti na dirisha, inaweza kupoa ikiwa na mpindo wa kudumu. Hapo hata kurusha chambo kunabadilika.

Halafu unyevu, ambao watu wengi hawaufikirii kwa sababu maji ya Tanganyika ni matamu. Kweli ni maji yasiyo na chumvi, lakini fimbo ikirudishwa kwenye mfuko wa kitambaa ikiwa mbichi, ikakaa humo siku tatu, vanishi inatoka malengelenge na mpini wa koki (lile gome laini kama kizibo cha chupa) unaota ukungu. Na chumvi yenyewe inaweza kukufuata garini: mkipita Uvinza kila mtu anataka kurudi na chumvi. Kiroba cha chumvi kisikae karibu na rili, kile kifaa cha kuzungushia mshipi, hata kidogo. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa, na chuma kilicho jirani yake kinaanza kushika kutu.

Vumbi nalimalizia kwa kifupi. Ukitoka lami tu, vumbi jekundu linaingia kwenye rili, linakutana na grisi na kuwa msasa. Vua rili kwenye fimbo kabla ya safari, ivike soksi nzito ya pamba, weka kwenye kisanduku chenye kifuniko. Mfuko wa plastiki uliokazwa usiutumie kwa rili iliyotoka majini, kwa sababu unafungia maji humo ndani.

Sasa mpangilio ninaoutumia na kuuamini. Fimbo zinakaa darini, ndani ya gari. Sakafuni kuna miguu, maji na mizigo. Juu ya kitanda kuna watu. Nyuma ya kiti cha dereva kuna kila kitu kinachorushwa. Dari ndiyo sehemu pekee ya gari la kulala ambayo hakuna anayeigombania.

Kwenye Hiace kuna vishikio vya mkono juu ya madirisha. Nimepitisha mabomba mawili membamba ya alumini kutoka upande hadi upande, moja mbele ya kitanda na jingine nyuma, na katikati nimeongeza ubao mwembamba uliofungwa kwenye mbavu za dari. Hivyo fimbo inashikiliwa sehemu tatu. Ukiishikilia mbili tu, kipande cha katikati kinachezacheza juu na chini kila mnapopita kwenye matuta na rasta, na kuchezacheza huko kwa saa nyingi ndiko kunakolegeza pete.

Mipini inaelekea mbele na ncha zinaelekea nyuma, zikiishia shubiri moja kabla ya mlango. Sababu ni breki. Ukifunga breki ghafla kwa ajili ya ng'ombe, kila kitu kinakwenda mbele. Bora mpini mnene ugonge kizuizi cha sponji kuliko ncha kumfuata dereva kisogoni.

Fimbo ya futi 7 yenye vipande viwili inakupa vipande vya takribani sentimita 107 kila kimoja. Hata Noah inavibeba. Ya futi 9 inakupa kama sentimita 137. Pima dari yako kabla hujanunua fimbo, wala usinunue fimbo ndipo uanze kuitafutia gari. Na kila kipande kikae peke yake. Kusafiri na fimbo imeunganishwa kwa sababu tu gari ni refu, siungi mkono: viungo vinagandiana kwa mtikisiko na kuvitenganisha unaweza kupasua.

Karibuni tujadili. Wenye magari tofauti na langu waseme wanafanyaje.

---

Wa_Kibirizi

Mkuu, uzi umesimama. Mimi niko huku Kigoma na naona magari-nyumba ya wageni wanaoshuka kutoka Katavi, wengine wametoka hadi Afrika Kusini. Wengi wao fimbo ziko juu ya keria, ndani ya bomba. Mbona wewe umeng'ang'ania darini? Bomba juu linaokoa nafasi, na samaki akinuka ananuka nje.

---

MshipiMrefu

Kaka, bomba juu ya keria nalikubali kwa masharti. La kwanza, liwe jeupe. Bomba jeusi au la kijivu iliyokolea, juani kuanzia Kaliua, ni tanuri. La pili, likae ndani ya keria likiwa limezungukwa na vitu vingine. Bomba lililo pembeni ndilo linaloguswa na matawi, na ukiacha barabara kuu huku kwetu miombo inaikumbatia gari pande zote. La tatu, usiku lishuke. Ukilala gesti au kwenye uwanja wa mtu, fimbo zisilale juu ya gari. Bomba refu lenye kifuniko linaonekana kutoka mbali, na anayepita hajui lina fimbo. Anaweza kudhani lina kitu cha thamani zaidi.

Kama gari lako halina dari ya kutosha, mfano pikapu yenye tenti, basi bomba ndilo jibu lako, wala usione umekosea. Mimi dari ninayo, ndiyo maana naitumia.

---

Fundi wa Mwanga

Nichangie kwenye hilo la bomba maana nimewatengenezea watu.

Chukua bomba la maji taka la PVC, la inchi 4. Pete ya kwanza ya fimbo ya rili ya kusokota, ile kubwa iliyo karibu na mpini, ndiyo inayoamua upana, na ndani ya inchi 4 fimbo tatu zilizovuliwa rili zinaingia bila kubanana kama kila moja ina mfuko wake wa kitambaa. Mwisho mmoja gundisha kifuniko moja kwa moja. Mwisho wa pili tumia kile kifuniko cha kufungua kwa nyuzi, kile cha kuzibulia choo. Ndani ya kila mwisho weka duara la sponji ya godoro, nene kiasi cha vidole vinne.

Hapa wengi wanakosea: wanaziba kila kitu kwa silikoni wakidhani wanazuia mvua. Mvua kubwa itaingia tu, na hata isipoingia, hewa ya moto ya mchana ikipoa usiku inaacha umande humo ndani. Toboa matundu mawili madogo upande wa chini, moja karibu na kila mwisho, maji yapate pa kutokea. Yafunike kwa kipande cha wavu wa dirisha kwa ajili ya vumbi na wadudu.

Kufunga kwenye keria usipitishe bolti ndani ya bomba. Kichwa cha bolti kitakwaruza fimbo safari nzima. Zungushia mikanda mitatu ya kukazia, na chini ya kila mkanda weka kipande cha tyubu ya baiskeli ili bomba lisiteleze. Mikanda ya mpira peke yake haifai, inanyooka na bomba linaanza kucheza.

Na kwa wale wa darini kama mwanzisha uzi, vishikio msinunue vya nje kwa bei kubwa. Chukua bomba la inchi 2, kata pete za upana wa vidole vitatu, kila pete itoe kipande kama theluthi moja ya mduara ibaki na mdomo wazi. Chovya kwenye maji yaliyotoka kuchemka, ipanue mdomo kidogo kwa kijiti, iache ipoe. Lainisha kingo kwa msasa. Kisha chukua ndala iliyokwisha kisigino, ile soli laini, ichane vipande vyembamba kwa wembe, gundisha ndani ya pete kwa gundi ya viatu. Usiku mmoja imekauka. Piga skrubu mbili kwenye ubao na kichwa cha skrubu kizame kabisa chini ya ndala. Fimbo inaingia kwa kusukuma kidogo, inatoka kwa kuvuta, na haikwaruziki. Kwa upande wa ncha tumia bomba dogo zaidi, la robo tatu ya inchi, ila usikaze. Ncha ikae imelegea. Ukiibana inavunjikia hapo.

---

Mama Kuhe

Asante fundi, hiyo ya ndala nitaifanya wikendi hii.

Lakini mimi napinga kidogo habari ya dari. Sisi tunasafiri familia, mume wangu na watoto watatu, gari ni Coaster. Darini tumefunga neti za nguo za watoto, na mtoto akiamka usiku anasimama juu ya kitanda na kushika chochote kilicho juu. Fimbo zangu ziko chini ya kitanda. Fundi alinitengenezea sanduku refu la plaiwudi, jembamba, linavutwa kama droo kutoka upande wa mlango wa nyuma. Ndani limegawanywa kwa vibanzi vya sponji, kila kipande na mfereji wake. Kifuniko chake kimekazwa kiasi kwamba hata mtu mzima akikanyaga hakishuki. Kitu kingine hakiruhusiwi kuingia humo. Hata kijiko.

Nilitaka mninga, tena mninga wa Tabora, lakini fundi akanishauri plaiwudi kwa sababu sanduku la mninga la urefu ule uzito wake si mchezo. Namshukuru hadi leo.

Faida nyingine, droo inafungwa kwa kufuli, na mtu akichungulia dirishani anaona kitanda tu.

Na jambo ambalo hamjalitaja: ndoano. Chambo bandia kisisafiri kimefungwa kwenye fimbo hata kama mnahamia ufuko wa pili tu, hatua chache. Watu wanapenda kuning'iniza ndoano kwenye pete ya fimbo, mshipi ukiwa umevutwa. Ndoano inakwaruza lile duara laini la ndani ya pete, na pete yenye mkwaruzo inakata mshipi siku ya samaki mkubwa. Mshipi uliokazwa nao unaivuta ncha ibaki imepinda. Lakini kubwa kuliko hayo, ndani ya gari la kulala kuna miguu mitupu ya watoto. Zile ndoano za matatu zinakaa kwenye boksi lenye vyumba, na kila moja nimeichomeka kwenye kipande cha ndala. Naona ndala ndiyo mkombozi wa uzi huu.

---

MshipiMrefu

Mama Kuhe, umenishinda kwa hoja. Kwa gari lenye watoto, droo ya chini yenye kufuli ni bora kuliko dari yangu, sitabishana. Sharti lake ni lile ulilolitaja mwenyewe, kwamba kitu kingine kisiingie. Nimeziona droo za namna hiyo zikiwa na vitunguu, chaja na jeki kabla ya kufika Malagarasi.

Naomba niongeze moja kwa wanaoweka chini: angalieni mchwa. Gari likiegeshwa muda mrefu kwenye ardhi ya Tabora, droo ya mbao na mfuko wa kitambaa ni chakula. Safari ikiisha, toa fimbo, zipeleke ndani ya nyumba, zisimamishe wima au zilaze kwenye vigingi ukutani. Gari ni mahali pa kusafiria, fimbo isiishi humo mwaka mzima.

Na kwenye ndoano umesema kweli tupu. Pia legeza kabisa breki ya rili, ile inayobana mshipi usitoke ovyo, kabla ya kuihifadhi. Vile visahani vya ndani vikikaa vimekandamizwa kwa wiki nzima, siku ya kazi breki inashika kwa mikupuo na mshipi unakatika.

---

Reli ya Kati

Nyie mna magari. Sisi tusio na gari je? Mimi natoka Tabora kwa treni au basi, fimbo moja tu, naishia kuweka kwenye buti ya basi na moyo unadunda hadi nafika.

---

Wa_Kibirizi

Buti ya basi la Kigoma usiweke fimbo mkuu, labda kama iko ndani ya bomba la fundi. Humo kuna magunia, na kwa kurudi kuna madumu ya mawese. Dumu moja likivuja, koki ya mpini inanyonya mafuta na fimbo inateleza mkononi hata ufanyeje. Kama imeshakupata, sugua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga kidogo kwa brashi laini ya meno, suuza, rudia. Usitumie petroli, inayeyusha gundi.

Kwa mtu wa basi, suluhisho ni fimbo ya safari, ile ya vipande vinne. Futi 7 ikikunjwa inakuwa na urefu wa kama sentimita 55 hadi 60. Inaingia kwenye begi la mgongoni, unakaa nayo miguuni. Zile za teleskopu zinazoingiana nazo ni fupi, lakini mchanga ukiingia kati ya vipande vinakwama, na ncha yake ni nyepesi sana. Ufuko wetu una mchanga. Mimi nachagua ya vipande vinne.

Treni ni rahisi kuliko basi. Behewa la kulala daraja la pili lina vitanda sita kwa chumba. Weka bomba lako kwa urefu chini ya kitanda cha chini, ulisukume hadi ukutani, na begi mbele yake ili lisibingirike. Ongea na wenzako wa chumbani mapema, waambie ni kitu gani. Watu wakijua wanakulindia.

---

Reli ya Kati

Nashukuru sana kaka. Na kwa ndege?

---

Wa_Kibirizi

Piga simu kwa shirika kabla ya kukata tiketi, uliza urefu wa mzigo wanaoupokea, maana ndege zinazokuja huku zinaweza kuwa ndogo kuliko zile za njia kubwa. Ndoano na visu vyote viende kwenye mzigo wa chini. Rili unaweza kuuliza kama utakaa nayo. Ni ghali na haipendi kurushwa.

---

Mgeni wa Ziwa

Wakuu, mimi ndiyo nataka kuja kwa mara ya kwanza na gari langu kutoka Dodoma. Nimesoma yote. Nina swali la pembeni: kuna kibali? Na kuna wakati ziwa linafungwa?

---

MshipiMrefu

Swali lako si la pembeni, ni vizuri umeliuliza kabla hujawasha gari. Uvuvi nchini unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na leseni inahitajika. Ukifika, nenda kwa afisa uvuvi wa halmashauri, mweleze kuwa unavua kwa fimbo kwa ajili ya burudani, atakuelekeza. Usivue kwenye maji ya hifadhi kama Gombe kwa kudhani ziwa ni moja.

Kuhusu kufungwa, mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Lengo ni samaki wazaliane. Mimi naunga mkono kwa moyo wote. Nimekuwa nikiwasikia wavuvi wa siku nyingi wakieleza jinsi migebuka ilivyokuwa zamani, na ukilinganisha na sasa inaumiza. Kabla ya kupanga likizo uliza kama tarehe zimetangazwa tena. Na kama mmeshafika na ziwa limefungwa, fimbo zibaki kwenye mifuko yake.

Anayevua kwa kujifurahisha ana nafasi nzuri ya kumrudisha samaki majini. Kuhe hasa. Ni miongoni mwa samaki wakubwa kabisa wa jamii ya sato duniani, anapatikana Tanganyika peke yake, na dume na jike hulinda makinda yao pamoja. Ukimtoa mzazi kwenye kiota, makinda yote ni chakula cha wengine.

---

Fundi wa Mwanga

Kabla uzi haujasonga mbali, kuna jambo la usalama ambalo nimeliona kwa macho na linahusu hizohizo fimbo za kaboni. Kaboni inapitisha umeme. Unapozitoa kwenye keria na kuziunganisha, angalia juu kwanza. Nyaya za umeme zinapita juu ya sehemu nyingi ambazo watu wanaegesha magari, na fimbo ya futi 9 mkononi mwa mtu aliyesimama juu ya keria inafika mbali. Unganisha fimbo ukiwa chini, mbali na nyaya.

Na radi. Kuanzia Oktoba mvua zikianza, mawingu yanatoka upande wa Kongo, yanavuka ziwa na kufika haraka kuliko mtu anavyokunja vitu. Ukisikia ngurumo, usisubiri matone. Laza fimbo chini, ingia garini, funga milango, usiguse chuma. Gari lenye bodi ya chuma linakulinda. Kama uko kwenye mtumbwi, laza fimbo na rudi nchi kavu. Fimbo zinaweza kulowa, zitafutwa kesho.

---

Mama Kuhe

Fundi asante. Hili niliandike kwa herufi kubwa ukutani kwa mume wangu, maana yeye huwa anasema "nirushe mara moja tu ya mwisho".

Kuhusu kufuta, naomba niseme ninavyofanya jioni. Kabla ya kupika, kila fimbo inapanguswa kwa kitambaa chenye maji safi kuanzia ncha kuja mpini, nikizunguka kila pete, maana mchanga unajificha kwenye miguu ya pete. Kisha kitambaa kikavu. Kisha naziegesha ndani, dirisha moja likiwa wazi kidogo, hadi tumalize kula. Ndipo zinaingia kwenye mifuko na kwenye droo. Mifuko yenyewe nimeshona kwa vitenge vilivyochakaa, kila fimbo na rangi yake, kwa hiyo hata gizani watoto wanajua ipi ni ya nani. Kitenge kilichofuliwa mara nyingi ni laini na kinakauka haraka.

Wakati wa kupangusa ndipo ninapokagua. Napitisha pamba kavu ndani ya kila pete. Ikinasa nyuzi, pete ina mkwaruzo.

---

Mgeni wa Ziwa

Nimeandika yote kwenye daftari. Gari langu ni Noah, fimbo mbili za futi 7, vipande viwili, na tenti ndogo ya chini. Peke yangu na rafiki mmoja. Mngenishauri dari, droo au bomba?

---

MshipiMrefu

Kwa Noah na watu wawili, dari. Vishikio vya ndala vya fundi, vitatu kwa kila mstari, ubao mmoja mwembamba ukiambaa upande wa abiria, juu ya dirisha. Vipande vyako vinne vya sentimita 107 vitakaa sambamba, mipini mbele. Mwambie rafiki yako asivitumie kuning'inizia koti.

Rili zikae kwenye kisanduku chini ya kiti cha abiria, mbali na jiko la gesi. Mkisimama mchana, egesheni kivulini, fungueni vioo kidogo kama mpo hapohapo. Mkipita Uvinza mkanunua chumvi, iwekeni kwenye ndoo yenye mfuniko, nyuma kabisa.

Na usiku wa kwanza mkifika, kabla hamjalala, toeni kipande kimojakimoja mkague kwa tochi. Pitisha kucha taratibu kutoka mpini hadi ncha. Ukihisi kituo hata kidogo, au ukigonga kwa ukucha ukasikia sauti imebadilika mahali, fimbo hiyo usiivulie siku hiyo. Mwone fundi pale Mwanga, Kigoma mjini, kwanza, kama atakubali nimtaje hivyo hadharani.

---

Fundi wa Mwanga

Nimekubali. Aje na ndala zake tu.